Siku moja na klampu: kufunga magari yasiyolipiwa kodi Leicester

Saa 12:00 asubuhi

Kazi inaanzia uani, nyuma ya gari la kazi. Leo zimo klampu (vifaa vya chuma vya kufunga gurudumu) 12 za magari madogo, 2 pana za vani na malori, na mnyororo mnene wa pikipiki. Kila moja inafungwa na kufunguliwa hapo hapo. Ufunguo unaozunguka kwa shida kwenye ukavu utagoma kabisa kwenye mvua. Kufuli linalokwaruza linapuliziwa mafuta mepesi, wala si grisi, kwa sababu grisi hukamata mchanga na mchanga ndio unaoua kufuli. Januari tunaongeza dawa ya kuyeyusha barafu.

Saa 1:15

Tunaingia mitaa ya pembeni ya Narborough Road. Nyumba zimeungana ukuta kwa ukuta, hazina pa kuegesha ndani, kwa hiyo magari yote yanalala barabarani. Kwa macho huwezi kujua lipi limelipiwa. Stika ya kodi ilifutwa Uingereza tarehe 1 Oktoba 2014, na kumbukumbu zote ziko kwenye kompyuta za DVLA, mamlaka ya magari iliyoko Swansea, Wales. Kamera inasoma namba za magari tunayoyapita na kuzilinganisha na kumbukumbu hizo.

Kamera ikilia, bado hakuna kinachofungwa. Tope kidogo tu na 8 inasomeka B. Namba inaingizwa upya kwa mkono, kisha tunalinganisha aina ya gari na rangi. Rekodi ikisema Corsa ya rangi ya fedha, na mbele yetu pamesimama Golf nyeusi, huenda namba hizo ni za gari la mtu mwingine. Ukilifunga bila kuangalia, barua za deni zitamfikia mtu asiyehusika.

Halafu mahali. Gari lililo ndani ya ua wa nyumba ya mtu haliguswi. Ila gari lenye magurudumu mawili kwenye njia ya waenda kwa miguu liko kwenye barabara ya umma, hata kama pua yake inagusa geti la mwenyewe. Wengi hunaswa hapa wakiwa wametoa taarifa ya SORN, yaani gari halitumiki barabarani. Ukishatoa taarifa hiyo, gari halitakiwi kusimama barabarani hata saa moja. Gari lenye beji ya bluu ya mlemavu inayoonekana kiooni tunaliacha. Lenye mtu ndani pia halifungwi.

Saa 2:00

Picha kwanza, klampu baadaye: mbele, nyuma, kioo, kibao cha mtaa, na ringi kwa karibu ili kila mkwaruzo wa zamani uonekane. Bila picha hizo, kila mkwaruzo utahesabiwa wetu.

Gurudumu linalofaa ni la mbele, upande wa njia ya miguu, ili anayefunga asipige magoti kwenye njia ya magari. Mkono mmoja wa klampu unapita nyuma ya tairi, mwingine unakuja mbele, na sahani ya chuma inafunika nati zote. Sahani ndiyo kiini cha kifaa: nati ikibaki wazi, mtu ataivua ringi, atafunga tairi la akiba na kuondoka. Unasukuma mpaka usikie kufuli likikaa, kisha unaitikisa kwa mikono miwili. Ikicheza zaidi ya upana wa kidole, haijakaa, anza upya. Imekaa vizuri pale ambapo tairi linabonyea kidogo chini ya mkono wa nyuma, na ringi yenyewe haijaguswa na chuma.

Kinachokwamisha zaidi ni ukingo wa njia. Tairi lililobanwa ukingoni haliachi nafasi ya mkono wa nyuma, basi unahamia upande wa pili, na mwenzako anasimama nyuma ya gari akitazama magari yanayokuja.

Stika ya onyo inabandikwa kwenye kioo cha dereva, ikiwa na saa iliyofungwa na namba ya kupiga. Saa hiyo iandikwe sahihi, maana kuanzia hapo mwenye gari ana saa 24 kabla halijavutwa.

Saa 4:30

Watu wameamka, wanatoka. Tunaowakuta si wakwepaji peke yao. Wengi wamenunua gari wiki mbili zilizopita, na muuzaji aliwaambia kodi ipo hadi Machi. Alisema kweli, ila tangu hiyo Oktoba 2014 kodi haiendi na gari. Gari likiuzwa, kodi inakufa siku hiyo hiyo. Muuzaji anarudishiwa miezi kamili iliyobaki, na mnunuzi anaanza kulipa kuanzia tarehe 1 ya mwezi aliolinunua, hata akilinunua tarehe 28. Mwezi mmoja unalipwa mara mbili, na kwangu hilo si haki, lakini ndiyo sheria.

Kwa waliotoka Tanzania jambo hili ni gumu zaidi kulitarajia. Kule ada ya kila mwaka ya leseni ya magari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta: ukijaza tangi, umelipa. Hapa, kabla hujaondoka kwa muuzaji, dai kipande cha kijani cha kadi ya gari, V5C/2. Kina namba yenye tarakimu 12, na kwa namba hiyo unalipa mtandaoni ukiwa bado umesimama kwake, usiku au mchana.

Kosa la pili ni kodi sifuri. Gari la zaidi ya miaka 40 au la mlemavu linaweza lisidaiwe hata senti, lakini bado lazima uiombe hiyo kodi sifuri kila mwaka. Magari ya umeme yalikuwa hivyo hivyo. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 yanalipa.

Saa 7:00 mchana

Simu za kufungua. Kufunguliwa ni pauni 100, na uonyeshe kodi imeshalipwa. Kama haijalipwa, unaweka dhamana: pauni 160 kwa gari dogo au pikipiki, na zaidi kwa magari makubwa. Lipa kodi ndani ya siku 15 na dhamana inarudi, ukichelewa imepotea.

Mtego uko kwenye MOT, cheti cha ukaguzi. Gari linalohitaji cheti hicho halilipiwi kodi kama kimeisha. Usihangaike na tovuti: weka dhamana, panga miadi ya ukaguzi, uliendeshe moja kwa moja mpaka huko, kisha ulipe kodi.

Usikate klampu. Ni kosa la jinai, na klampu yenyewe utaidaiwa. Usijaribu kuondoka nayo pia. Mzunguko mmoja tu unatosha kupasua bampa na kukunja fenda.

Saa 9:30 alasiri

Lori la kubeba magari linapita kwa yaliyofungwa jana na hayajakombolewa. Kuanzia hapa gharama inakua: kulitoa gari yadini linakopelekwa ni pauni 200 badala ya 100, na pauni 21 kwa kila siku ya kulala. Gari la pauni 600 likikaa wiki moja limeshakula pauni 347, kabla ya kodi wala dhamana. Lisipodaiwa, linauzwa au linapondwa. Kabla ya kuvutwa, tunapiga picha kupitia vioo: kiti cha mtoto, vifaa vya kazi, dawa. Mwenyewe atakuja kuviulizia.

Saa 11:00 jioni

Klampu zilizorudi zinasuguliwa kwa brashi ya waya, hasa meno ya kufuli. Zilizobaki mitaani tunaziandika kwa mtaa na saa, na orodha inakwenda kwa dereva wa lori.