King'amuzi cha shilingi 2,300 na usiku wa mwezi

Jioni ya tarehe 29 Shaabani mwaka jana baba alikuwa amekwisha kuoga na kuvaa kanzu, ameketi mbele ya televisheni akingojea tangazo la mwezi. Magoti yamemkataa. Ngazi za nyumba yetu hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ni za mawe, nyembamba na zimesimama, na barazani alikokuwa akizipata habari zote za mji hafiki tena ila ashikwe na watu wawili. Basi tangazo la Kadhi Mkuu alitaka kulisikia mwenyewe.

Saa moja usiku taarifa ya habari ikaanza. Haikupita robo saa picha ikakatika vipande vipande, sauti ikakwaruza, kioo kikawa cheusi. Nilizima king'amuzi, nikawasha. Kikaandika jina lake kiooni, kikafika nusu, kikazima chenyewe. Nikarudia mara tano, sita. Taa nyekundu inawaka na kuzimika tu. Habari ya mwezi baba aliletewa na mtoto wa jirani aliyepanda ngazi mbio. Hakunilaumu. Alisema, "Alhamdulillahi, mwanangu, si tumeipata," akavua kofia akaiweka pajani. Usiku ule nililia, kwani king'amuzi kile nilikichagua mimi, na nilikichagua kwa kuwa kilikuwa cha bei rahisi.

Tangu niandike hapa kwamba tuna king'amuzi cha shilingi 2,300, watu kadhaa wa Shela na Matondoni wameniuliza kama wanunue cha bei hiyo hiyo. Nawajibu leo, maana sasa nimekaa nacho mwaka na miezi miwili na najua nini kilikufa na nini hakikufa.

Televisheni yetu ni ya zamani, ile yenye kisogo, na tangu nchi izime mitambo ya analogi mwaka 2015 haioneshi kitu bila king'amuzi. Cha kwanza kilikuwa cha kulipia kila mwezi. Mwezi ukipita bila malipo, hata stesheni alizozitaka baba zilifungwa, na mwezi wa karo za watoto wa dada yangu sikuwa na cha kulipa. Nikaamua kutafuta cha bure, unanunua mara moja basi. Kwenye duka moja la Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, nilikuta vya aina nne, kuanzia shilingi 2,300 hadi 4,500. Muuzaji alinisifia cha bei kubwa kwa sababu kina kioo cha saa mbele na kinacheza filamu za flashi. Baba hana haja na filamu za flashi.

Nilitazama mambo matatu, na kwa hayo sijutii. Boksi liwe limeandikwa DVB-T2, ndio mfumo wa dijitali wa antena, kwa sababu Kenya inarusha kwa T2 na king'amuzi cha T bila hiyo mbili hakitashika kitu, hata kiwe kizuri vipi. Kile chenye S2 ni cha dishi, si cha antena. La pili, kiwe na matundu matatu ya njano, nyekundu na nyeupe, maana televisheni ya kisogo haina HDMI, lile tundu la televisheni za kisasa. La tatu nilipewa na mpwa wangu aliyeko Mombasa: "Khalati, chukua chenye adapta ya nje, usichukue chenye waya wa stima unaoingia moja kwa moja ndani." Wakati ule sikuelewa kwa nini. Nilichukua tu kwa kuwa aliniambia. Nikamwomba muuzaji akiwashe pale pale kwenye antena yake, nikaona picha, nikalipa.

Kosa langu lilianza nilipofika nyumbani. Kukiweka wapi? Ukumbi wetu una vidaka vya chokaa ukutani, mama alikuwa akiweka humo sahani zake za kaure. Nikakitia king'amuzi kidakani, adapta nikaisukuma nyuma yake, juu nikatandika kitambaa nilichokidarizi mwenyewe ili vumbi lisiingie. Kilipendeza sana. Lakini fikiri: tundu la mawe, pande tatu zimezibwa, kaskazi imetulia, joto la Machi, na baba huwasha tangu adhuhuri. Nilikuwa nimekijengea tanuri.

Asubuhi ya mwezi mosi Ramadhani nilikipeleka kwa fundi wa redio, nimekwisha kukata tamaa. Nilimwambia anipe chochote kwa vyuma vyake. Akasema, "Usikitupe, dada, ngoja kwanza." Akachukua adapta peke yake, akapima kwa mita: volti 12 kamili. Nikadhani king'amuzi ndicho kibovu. Kumbe akakichomeka na kupima tena hali kinafanya kazi, sindano ikashuka hadi chini ya 9 kisha taa ikazimika. Adapta ilikuwa inajidai ina nguvu ikiwa haijabeba mzigo. Alipoifungua nikaona kwa macho yangu: kapasita moja, kile kijipipa kinachotuliza umeme, imevimba kichwa kama chapati. Alinieleza kwamba ndani ya kapasita za namna ile mna majimaji, joto huyakausha pole pole, na stima yetu inayokatika na kurudi kwa kishindo huimalizia. Akachomeka adapta nyingine ya mezani pake, king'amuzi kikawaka na kikakaa.

Adapta mpya ilikuwa shilingi 350. Hapo ndipo nilipoelewa neno la mpwa wangu. Kama umeme ungekuwa umejengwa ndani, ingekuwa kufungua, kutafuta kipuri na kuchomelea, na mafundi wengi kwa kazi hiyo watakwambia nunua kingine.

Ningependa kusema yaliishia hapo, lakini kusi ilipoanza kuvuma picha ikarudia kukwama, na safari hii taa ilikuwa imetulia. Enzi za analogi tulizoea chenga: mawimbi yakififia unaona vivuli, lakini sauti bado unaifuata. Dijitali haifanyi hivyo. King'amuzi husahihisha makosa ya mawimbi kimya kimya, wewe huoni lolote, mpaka makosa yanapozidi uwezo wake, ndipo picha inapovunjika ghafla. Kwa hiyo picha safi ya leo haikwambii uko mbali au karibu na ukingo. Cha kukwambia ni menyu. Mna mistari miwili, nguvu na ubora, na wa kutazama ni ubora. Wetu ulikuwa unaruka kutoka 60 hadi 20 kila upepo ukipiga.

Nikapanda darini. Antena tumeifunga kwenye boriti, kwa sababu kuta hizi za mawe ya matumbawe, unene wake mkono mzima, hazipitishi mawimbi ya kutosha, na antena ndogo ya ndani niliyoijaribu haikushika hata stesheni moja. Kuielekeza haikuwa kazi, niliiga zilikotazama za majirani. Boriti ilikuwa imara. Ila nilipofungua kiungo cha kebo, nyuzi za shaba zilikuwa kijani kibichi. Chumvi ya bahari! Tuko hatua chache kutoka gatini, na kebo niliifunga kwa tepu nyeusi ya kawaida ambayo jua lilikuwa limekwisha kuibabua.

Nilikata shubiri mbili za kebo mpaka nikafikia shaba inayong'aa, nikatia kichwa kipya, nikapaka grisi kwa nje, nikazungusha ule mpira unaojishika wenyewe. Baba alikuwa amekaa chini akiniuliza kila hatua kwa sauti. Alikuwa nahodha miaka yake, na kamba anazijua. Akaniambia, "Iwachie kebo kitanzi kabla haijaingia kwenye kiungo, mvua ishuke pale chini idondoke, isiingie ndani." Nikafanya hivyo. Akaniuliza ubora umefika ngapi. Nikamsomea: 72. Akasema tena, "Ngapi?" ingawa alisikia vizuri.

Nyinyi mtakaonunua antena zenye busta, yaani kikuza mawimbi, angalieni menyuni palipoandikwa umeme wa antena, volti 5. Busta bila umeme ule ni kama haipo, na jirani yangu mmoja alikaa wiki mbili akilaumu king'amuzi kwa jambo la kitufe kimoja.

Basi jibu langu kwa walioniuliza: nunueni. Kile cha shilingi 2,300 chenyewe, lile boksi, halijaharibika hata siku moja. Rimoti ndiyo imeanza kuwa nzito kwenye kitufe cha sauti, na stesheni mbili zilipotea hadi nilipotafuta upya. Sasa kinakaa juu ya kibao, wazi pande zote, bila kitambaa, na stima ikikatika nachomoa mpaka itulie.

Mwaka huu usiku wa mwezi baba alisikia tangazo lote hadi mwisho, kisha akaniomba nipunguze sauti ili atie dua. Adapta ya pili, ya akiba, ilikuwa kwenye mkebe wa biskuti karibu na kiti chake, na karatasi niliyoiandikia mpwa yeyote atakayekuwepo siku mimi sipo: volti 12, isizidi wala isipungue; ampea 1.5 au zaidi. Ncha ya ndani chanya.