Kusoma Huku Unalea: Kazi Kubwa Iko Kwenye Kurudi

Mzazi anayesoma huambiwa kila siku atafute muda. Muda ni mchache kweli, hakuna ubishi. Ila hata ule uliopo huliwa na kurudi kwenye kitabu. Mtoto anaita, unainuka, unamfuta kamasi, na ukikaa tena hukumbuki ulikuwa unatafuta nini. Unaanza aya upya. Ukikatizwa mara tatu ndani ya nusu saa, umesoma aya ileile mara tatu na hujasogea.

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapoacha kazi haijaisha na kuingia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kule alikotoka. Mwaka 2018 yeye na Theresa Glomb wakaonyesha dawa nyepesi: kabla ya kuinuka, andika kwa ufupi ulipofikia na utakachofanya ukirudi. Mzazi hapo anafaidi mara mbili, maana hata mtoto anayeita anapata mtu aliyekuja na akili yake yote.

Namna ya kuandika ndiyo inayoamua. "Endelea ukurasa wa 47" haisaidii kitu, kwa sababu haikuambii ufanye nini. Andika kitendo: "Nimeelewa mfano wa 3, sasa nijaribu swali la 4 bila kutazama jibu." Penseli pembezoni mwa ukurasa inatosha. Na kwa kuwa mtoto akianguka hakuna sekunde ya kuandika chochote, tanguliza: kabla ya kufungua kitabu, andika juu ya karatasi swali moja unalotaka kulijibu katika kikao hicho. Ukinyanyuka ghafla, utalikuta pale pale.

Halafu usichanganye aina za kazi. Saa ya utulivu, hata ikiwa moja tu kwa siku, ni ya mambo mapya, hesabu ngumu na kuandika insha. Kupakua faili, kupanga daftari na kujibu ujumbe wa kikundi vifanywe wakati nyumba ina kelele. Wengi hufanya kinyume: utulivu ukipatikana wanaanza kupanga meza, na wakimaliza mtoto ameamka.

Vipande vya dakika tano hadi kumi vinafaa sana kwa kujikumbusha. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojaribu kukumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walionekana bora. Baada ya wiki, waliojipima walikuwa wamewaacha mbali. Kwa hiyo soma dakika kumi, funga kitabu, andika nusu ukurasa wa ulichokumbuka, kisha fungua urekebishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Yale ya rangi nyingine ndiyo utakayojiuliza kesho yake ukiosha vyombo, kisha tena baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kitabu hakihitajiki mkononi.

Kuhusu watoto wenyewe. Wa chini ya miaka mitatu haelewi "ngoja nusu saa", usimlaumu. Soma akiwa amelala au akiwa na mtu mwingine. Wa miaka minne na kuendelea anaweza kungoja akiona muda unavyokwenda: weka saa ya mchanga au saa yenye mshale mbele yake. Anza na dakika tano, ongeza taratibu. Kabla ya hapo mpe dakika kumi za kucheza naye kweli, simu ikiwa mbali. Mwambie pia yapi anaruhusiwa kukukatiza: ameumia, anataka choo, kuna mgeni mlangoni. Saa ikifika mwisho, inuka. Ukisema "bado kidogo", kesho hataiamini tena, na hapo yuko sahihi.

Kama kuna mwenzako nyumbani, "nisaidie kuangalia watoto" ni maneno yasiyoshikika. Semeni: saa mbili hadi saa tatu usiku zamu ni yako, chakula, choo na ugomvi vyote. Kisha ingia chumba kingine ufunge mlango, maana mtoto humfuata mzazi anayemwona.

Simu huwezi kuizima, shule inaweza kupiga. Weka hali ya usisumbuliwe, ruhusu namba tatu au nne tu, iache chumba cha pili ikiwa na sauti.

Usiku ndipo wengi hujiumiza. Ukijikuta umesoma mstari mmoja mara tatu, acha, andika pa kuanzia, lala. Usingizi wenyewe husaidia ubongo kuhifadhi ulichosoma. Kahawa ya saa tatu usiku ni mkopo mbaya: kwa kawaida nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tano baadaye, na mtoto mchanga atakuamsha hata hivyo.

Wiki ambayo mtoto anaumwa, punguza hadi kikao kimoja cha dakika tano kwa siku, cha kujikumbusha tu, usifungue mada mpya. Na mwandikie mwalimu kabla ya tarehe ya kuwasilisha kazi, ukitaja siku unayoomba. Ombi linalokuja mapema na lenye tarehe ni rahisi zaidi kukubaliwa kuliko maelezo marefu yanayofika siku imeshapita.