Ukaguzi wa nyumba za wazee usiishie kwa faili

Kuna hizi nyumba ndogo za kutunza wazee huku Nakuru, mkaguzi akija anaonyeshwa faili, mtungi wa kuzima moto na sakafu inanukia dawa, anasaini anaenda, na hiyo inaniudhi sana. Mimi ningeanza na sinki. Kama hakuna sabuni na maji ya kutiririka, faili haisaidii mtu, juu kunawa mikono vizuri ni sekunde 40 hadi 60, na mlezi akitoka kubadilisha shosho mmoja nepi akaenda kulisha guka mwingine bila kunawa, kuhara kunazunguka nyumba nzima na mzee akiishiwa maji mwilini anazidiwa haraka sana.

Waulizwe pia Jik, ile dawa ya klorini ya kuua viini, wanachanganya aje. Ile ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa sita vya maji ndiyo ya kupangusa damu, na inachanganywa upya kila siku, si ile imekaa kwa ndoo tangu Jumapili. Glavu ni mpya kwa kila mzee, tafadhali. Na mkaguzi ajaribu kufungua mlango wa nyuma mwenyewe, kama una kufuli na funguo iko na mtu amelala kwake, moto ukiwaka usiku wazee watatokea wapi?