Vifaranga 102 na baridi ya Mafinga

Konda alinipigia saa kumi na mbili jioni, "dada mzigo wako unalia tu huku, tumeshaingia stendi, uko wapi?" Nikachukua bodaboda nikaenda nikiwa nimevaa masweta mawili maana ilikuwa mwezi wa saba, na wanaoijua Mafinga wanaelewa mwezi wa saba ni mwezi gani. Boksi lilikuwa juu kwenye siti ya mwisho, nilikuwa nimembembeleza sana asubuhi kwa simu asije akaliweka kwenye buti chini, kule hakuna hewa na vifaranga wanakufa kwa kukosa pumzi kabla hata ya njaa. Boksi la matundu, ndani limegawanywa vyumba vinne, kila chumba 25, na jumla wawili wa nyongeza. Kuroiler, yaani kuku chotara, 102 wa siku moja, wametoka Dar alfajiri, wamepanda mlima Kitonga, wamefika wanapiga kelele wote kwa pamoja.

Nyumbani chumba kilikuwa tayari tangu jana yake. Hili nashukuru niliambiwa mapema, kwamba taa usiiwashe vifaranga wakishafika, iwashe kabla, siku nzima ikiwezekana, kwasababu hata hewa ikiwa ya moto sakafu inabaki ya baridi na kifaranga tumbo lake ndo linagusa chini. Nilikuwa na ile taa nyekundu ya wati 250 nimeining'iniza kama sentimita 50 kutoka chini, na nimezungusha hadibodi nikapata duara. Duara kweli, sio pembe nne, maana kwenye kona vifaranga wakisikia baridi au wakishtuka wanasukumana na kupandana mpaka wa chini wanakosa hewa. Ukubwa nilifuata kanuni niliyopewa na afisa mifugo, vifaranga 50 kwa mita moja ya mraba wiki ya kwanza, kwahiyo mita mbili za mraba zilinitosha.

Maranda ya kutandika chini huku kwetu sio shida, Mafinga ni mbao kila kona. Ila naomba uwe makini na jambo moja ambalo fundi mbao mmoja alinitahadharisha nikiwa nimeshashika kiroba mkononi. Usichukue maranda ya mbao zilizotiwa dawa, na usichukue ule unga mlaini wa msumeno. Unga unaingia puani na vifaranga wanaula wakidhani ni chakula. Chukua yale makubwa yaliyojikunja ya kwenye randa. Hata hayo siku tatu za kwanza niliyafunika na maboksi niliyoyafungua, upande wa ndani wenye kukwaruza, sikutumia magazeti kwasababu gazeti linateleza na miguu ya kifaranga inafunguka pembeni, akikaa hivo siku mbili tatu harudi tena sawa.

Sasa kuwatoa kwenye boksi. Mikono ilikuwa inatetemeka, sitaficha. Kifaranga ana uzito kama wa yai dogo alafu unasikia moyo wake unavyokimbia kwenye vidole vyako, unaogopa kubana na unaogopa kuachia. Mmoja mmoja, unamshika, unachovya mdomo wake kwenye maji ya uvuguvugu yenye glukosi, unasubiri ameze, unamuweka chini ya taa. Mara 102. Ilinichukua karibu saa nzima na mgongo uliniuma, lakini nilipofika wa 30 hivi nikaona wale wa kwanza wameshaanza kwenda wenyewe kwenye chombo na wenzao wanawaiga. Chakula nilikiweka baada ya kama saa mbili, stata, yaani chakula cha kuanzia cha vifaranga, nikaimwaga juu ya boksi kabisa ili waikanyage na waigonge, maana kifaranga anajifunza kula kwa kudonoadonoa chini.

Nilikuwa na hofu kubwa kwamba wamekaa kutwa nzima njiani bila kula. Kumbe kabla hajatotolewa, kifaranga anavuta kiini cha yai ndani ya tumbo lake, na kile ndo chakula chake cha siku mbili hadi tatu. Ndo maana kuku mwenyewe anaweza kuendelea kukaa kwenye kiota akisubiri mayai ya mwisho yapasuke wakati wa kwanza wameshakauka manyoya. Nilipolielewa hili nilipumua. Maji ndo ya haraka, chakula kinaweza kusubiri kidogo, joto haliwezi kusubiri hata dakika.

Na joto ndo limenifundisha kila kitu. Nilinunua kipimajoto, nikakifunga usawa wa mgongo wa kifaranga, kikasoma 34, nikaridhika kwasababu wiki ya kwanza inatakiwa kati ya 32 na 35 alafu unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Saa tano usiku naingia kuangalia nakuta wote wamejikusanya upande mmoja wa duara, upande wa mlangoni, wamebanana na wanalia ile sauti kali ya juu isiyokatika. Kipimajoto bado 34! Nikadhani ni joto kali nikapandisha taa juu. Wakazidi kulia. Nikaishusha, wakabaki palepale. Nimekaa chini pale na tochi ya simu nusu nzima ya saa sijui nifanye nini.

Nikampigia mama jirani, mama mtu mzima wa Kihehe anayefuga kienyeji miaka mingi, akaja na kanga yake kichwani usiku ule. Hata hakuangalia kipimajoto. Alisimama mlangoni akasikiliza, alafu akaenda upande wa pili ambao hakuna kifaranga hata mmoja, akachuchumaa akaweka mkono chini. "Mwanangu, weka mkono hapa." Nikaweka. Upepo. Kulikuwa na uwazi chini ya dirisha, mwembamba kama kidole, na ule upepo wa baridi ulikuwa unapita chinichini kabisa juu ya maranda, kwenye usawa ambao mtu aliyesimama hawezi kuusikia. Tukaziba na kiroba. Ndani ya dakika kumi wakaanza kusambaa mmoja mmoja, wakalala wametawanyika, wengine wamenyoosha shingo kabisa mpaka nikaogopa kwamba wamekufa, mama akanambia hapana, hivo ndo kifaranga anavyolala akiwa hana shida.

Tangu usiku ule naangalia vifaranga kwanza, kipimajoto baadae. Wamejazana chini ya taa, ni baridi. Wamekimbilia pembeni, midomo wazi na mabawa yameachia, ni joto. Wamekwepa upande mmoja wote, tafuta upepo. Wametawanyika sawasawa na wanalialia kidogokidogo kama watu wanaopiga stori, waache, funga mlango ukalale.

Asubuhi ya pili wawili walikuwa wamekufa. Nililia bana. Nikawa nahesabu makosa yangu yote, pengine niliwabana wakati wa kuchovya, pengine ni ule upepo. Afisa mifugo alipita akawageuza akanionyesha vitovu, vilikuwa havijafunga, vyeusi na vibichi, akasema hawa walikuja na tatizo lao na wasingepona popote. Siku ya tatu mmoja alizama kwenye chombo cha maji. Huyu ni mimi, nilitumia bakuli pana kwasababu vile vyombo vya maji vya kugeuza, vyenye ukingo mwembamba, vilikuwa vichache, na kifaranga akisukumwa na wenzake anaingia. Kama unatumia bakuli jaza kokoto zilizooshwa, abaki na nafasi ya kuingiza mdomo tu. Nilizijaza siku ileile na halikutokea tena.

Kingine cha siku hizo za mwanzo ni kinyesi kuganda nyuma. Ukikiacha kinaziba kabisa na kifaranga anakufa. Nilikuwa nawakagua kila asubuhi, mwenye tatizo namfuta na pamba na maji ya uvuguvugu polepole, hauvuti, ukivuta unachuna ngozi, alafu unamkausha kabla hujamrudisha kwa wenzake.

Usiku wa tano umeme ukakatika. Saa nane. Niliamka kwasababu sauti ilibadilika, nilikuwa nimeshaizoea ile ya kutulia kiasi kwamba ile kali ilinitoa usingizini kupitia ukuta. Nje ni baridi ya kuuma masikio. Mkaa nilikuwa nao, jiko ninalo, ila kuuwasha mkaa mpaka uive sio jambo la dakika mbili, na huwezi kuuingiza ukiwa bado unatoa moshi. Nikauwasha nje, napepea huku nalia, huku wadogo zangu wawili wako ndani wamefunika duara na blanketi na kuweka madumu ya maji ya moto katikati yaliyofungwa na kanga. Mkaa ulipokuwa mwekundu wote nikaingiza jiko, nikaliweka juu ya matofali na kulizungushia bati, chungu kikubwa kimefunikwa juu yake ili joto litoke taratibu.

Hapa nataka kusisitiza kwasababu nilitaka kufanya kosa kubwa. Nilitaka kuziba kila mahali ili joto lisitoke. Mama jirani ndo alinizuia tena. Mkaa hata usipotoa moshi unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua kifaranga na inaua mtu. Funga chini, kule wanakokaa vifaranga, lakini juu kabisa acha wazi, dirisha la juu au upenyo wa dari, na usilale humo ndani hata kama unawahurumia vipi. Tulikaa zamu mlangoni mpaka asubuhi.

Kuna mmoja nilimkuta amelala ubavu, baridi kama jiwe, miguu imenyooka. Nilimuweka kifuani ndani ya sweta, nikawa namdondoshea maji ya glukosi pembeni ya mdomo, tone moja, nasubiri, tone jingine. Sijui ni mda gani ulipita. Alfajiri akaanza kukwaruza tumbo langu na kucha. Watatu wengine hawakurudi. Huyu wa kwenye sweta nilimuwekea alama ya uzi mwekundu mguuni, nikawa naulegeza kila wiki anavyonenepa.

Kuhusu dawa nina msimamo na nitausema. Nilishauriwa na watu wengi kwamba siku tano za kwanza niwape antibayotiki "ya kuzuia". Sikuwapa. Afisa mifugo aliniuliza unazuia nini, nikakosa jibu. Dawa ukiitumia kila siku bila ugonjwa inakuja kukataa kufanya kazi siku ugonjwa ukija kweli, kwa kuku na kwa sisi tunaowala. Niliwapa glukosi siku ya kwanza, vitamini, maji safi na vyombo vinavyooshwa asubuhi na jioni, basi. Wiki ya tatu nikaona damu kwenye kinyesi, nikaenda duka la mifugo siku hiyohiyo nikapewa dawa ya kuhara damu, nikamaliza siku zake zote. Chanzo kilikuwa maranda yaliyolowa kuzunguka vyombo vya maji, wadudu wake wanapenda unyevu. Alikufa mmoja. Niliondoa yote yaliyolowa na vyombo nikavipandisha juu ya matofali usawa wa mgongo wao.

Chanjo ndo usicheze nayo kabisa. Kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena ya 21, Gumboro tena ya 28 (yote mawili ni magonjwa ya kuku), hiyo ndo ratiba niliyopewa. Chanjo niliibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu. Chanjo wanainywa kwenye maji, na maji hayo yasiwe ya bomba yenye dawa kwasababu ile dawa inaua chanjo, mimi nilitumia ya mvua tuliyokinga nikachanganya na maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Unawanyima maji kama saa mbili ili wawe na kiu, ukiweka wanayamaliza haraka kabla nguvu haijaisha.

Kuku wa mama jirani alitotoa wiki hiyohiyo, vifaranga tisa. Nilikuwa nakaa kwenye ukuta naangalia anavyowafunika, anawafundisha kudonoa kwa kuangusha punje mbele yao, mwewe akipita anatoa sauti moja tu na wote wanapotea chini ya mabawa. Mama akanambia, "hiyo ndo bruda yenyewe, wewe unamuiga huyo tu." Bruda ni ile sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, kama duara langu. Nikaanza kuingia chumbani na kugonga chakula kwa kidole, tik tik tik, na kweli walikuwa wanakuja mbio.

Wiki ya tano manyoya yalikuwa yamejaa, nilishazima taa mchana, kisha na usiku. Jumamosi moja jua lilitoka vizuri nikafungua mlango wa uani. Walisimama kizingitini wote 95 wakishangaa, mpaka yule wa uzi mwekundu akatoka, wenzake wakamfuata. Jioni walikataa kuingia ndani, ikabidi niwabebe mmoja mmoja.