Rangi isiyo na rangi

Juzi mjukuu wangu ananichua magoti, chumba kizima kinanuka mikaratusi, mara akauliza: "Bibi, kwa nini humezi tu kidonge kama Babu?"

Kidonge!

Mnakumbuka zile ngazi za kwa dada, nilivyokuwa nasimama kila baada ya vidaraja vitatu, kifua kinabana. Vipimo, rufaa, bima, hayo tuyaache. Siku ya kuzibuliwa mishipa ya moyo niliambiwa nisile wala nisinywe tangu usiku. Zamu yangu ilikuwa saa tatu asubuhi. Nikaingizwa saa tisa alasiri, ulimi umegandia kaakaani.

Kabla ya hapo muuguzi alikuja na fomu. Kamba nakula? Hawanivimbishi midomo? Mimi mtoto wa Tanga naulizwa kamba! Tukacheka, tukafundishana kamba wa nazi. Halafu, mbio mbio: "Dawa nyingine zaidi ya za sukari na presha?" Nikajibu, "Hakuna, mwanangu." Sikukusudia kudanganya. Zile diklofenaki za magoti, mbili kila siku kutoka duka la dawa la mtaani, kwangu hazikuwa dawa. Zilikuwa kama chai.

Wakanitia ganzi mkononi, pale mtu anapopimwa mapigo, wakapitisha mrija mwembamba hadi moyoni. Nilikuwa macho. Walisema watatia rangi, basi nikaitazama ndani ya bomba: angavu kama maji, nzito kidogo kama shira. Rangi gani hii isiyo na rangi? Daktari, kijana wa rika la mwanangu wa mwisho, akasema ina madini joto, jamaa ya yale ya kwenye chumvi. Eksirei haiyapenyi vizuri, ndiyo maana mishipa hujichora kwenye skrini. Na kweli, nikaiona, myeusi, inachezacheza kama mizizi ndani ya maji, na mmoja umenyongeka katikati.

"Sasa tunatia nyingi kwa mpigo mmoja, Mama. Utasikia joto."

Likaja. Likaanzia kooni, likamwagika kifuani, likapita tumboni bila haraka, likatua kule kwenyewe. Nikajua nimejikojolea. Mtu mzima, mbele ya vijana watano, chini ya shuka la kijani. Nikamwita muuguzi kwa jicho, nikamnong'oneza. Akatia mkono chini ya shuka, akapapasa, akaniinamia sikioni: "Pakavu kabisa, Mama. Ni dawa tu." Hadi leo nikimkumbuka namwombea dua yule binti.

Puto likajazwa, kifua kikabana kama kwenye ngazi, stenti, kile kijibomba cha waya cha kuuacha mshipa wazi, ikakaa, nikarudi wodini nikijiona mshindi.

Siku ya tatu miguu ilivimba na mkojo ukawa haba. Kriatinini, ile taka ya damu inayopanda figo zikilemewa, iliyokuwa 88 ilisoma 214. Rangi hutoka kwa figo, na figo za mwenye sukari hazitaki mzigo wa ghafla. Daktari mwingine, mtu mzima, akaketi kitandani kwangu. "Mama, hakuna kidonge chochote ulichokuwa unameza pembeni?" Nikamtolea bahasha kutoka kwenye pochi. Aliishika muda mrefu. Kisha akaniambia, kama anayeongea peke yake, kwamba hata yale maswali ya kamba ni mazoea ya zamani tu: anayedhurika na kamba hudhuriwa na protini yake, si madini joto.

Sikufika kwenye mashine ya kusafisha damu. Namba ilishuka, ikagota 121, na hapo imegoma. Binti yangu anasema ni wao, walinikausha kutwa nzima bila hata dripu. Daktari alitazama vidonge, maana diklofenaki nayo huzilemea figo. Mimi siku nyingine nailaumu rangi, siku nyingine lile jibu langu la "hakuna", na siku nyingine wale kamba waliotumalizia muda wote.

"Bibi, hujanijibu."

Nikamnyooshea goti la pili.