Nilivyowahamisha wasimamizi sita kutoka Get-MessageTrace, baada ya kuripoti barua laki moja kwa siku

Aliyenishauri kwamba kazi hii ni ya dakika tano hajawahi kuitwa na mkurugenzi kueleza ripoti yake. Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba amri za zamani za kufuatilia barua pepe katika Exchange Online, huduma yake ya barua pepe za ofisini, yaani Get-MessageTrace na mwenzake wa kuonyesha undani, zingeanza kuondolewa tarehe 1 Septemba 2025. Mimi ndiye niliyebebeshwa jukumu la kuhakikisha kwamba sisi wa makao makuu na wenzetu wa matawini tumehamia amri mpya kabla ya siku hiyo. Nikamuuliza kaka mmoja ninayemheshimu katika fani hii. Akanijibu bila hata kuweka kikombe cha chai chini: "Fungua skripti, ongeza V2 mwishoni mwa jina, kalale."

Nikaongeza V2, maana amri mpya inaitwa Get-MessageTraceV2. Skripti, yaani faili la amri zinazoandaa ripoti, ikagoma, kwa sababu amri ya zamani ilikuwa ikigawa majibu kwa kurasa, ukurasa wa kwanza, wa pili na kuendelea, ilhali mpya haina kabisa kigezo cha ukurasa. Nilipoona kosa linalotaja kigezo hicho nikakifuta, nikauacha mzunguko, yaani sehemu inayorudia ombi, ulivyokuwa, na skripti ikakimbia vizuri mno. Nilijisifu moyoni, nikatuma ripoti ya Jumatatu, nikaenda kula.

Mkurugenzi hakunikaripia, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Aliniita, akanigeuzia kioo cha kompyuta yake, akasema: "Kijana, hapa tuko watu mia mbili na kumi. Barua hizi laki moja za jana tulimwandikia nani, na kazi tulifanya saa ngapi?" Ilikuwa laki moja kamili, si pungufu hata kwa barua moja, na mtu mwenye akili timamu angeshtukia tarakimu iliyonyooka hivyo. Kilichotokea ni kwamba amri mpya, usipoiambia vinginevyo, hurudisha mistari 1,000, na mzunguko wangu, ukiwa hauna tena namba ya ukurasa, uliomba mistari 1,000 ile ile tena na tena ukisubiri siku utakapopata pungufu. Siku hiyo isingefika kamwe, ila huduma ina kikomo cha maombi 100 kwa kila dakika tano. Ombi la mia na moja likakataliwa, na kwa kuwa miaka kadhaa iliyopita niliiamuru skripti imeze makosa kimya kimya, ikadhani imefika mwisho. Mistari elfu moja mara mia moja: hesabu ya darasa la tatu.

Njia sahihi niliipata usiku wa pili, nikiwa nimeshamaliza bando la pili la intaneti. Majibu huja yakianza na barua za karibuni kabisa. Basi unachukua mstari wa mwisho wa fungu ulilopata, saa yake ya kupokelewa unaifanya kuwa mwisho mpya wa kipindi, anwani ya mpokeaji wake unaifanya kuwa anwani ya kuanzia, kisha unaomba fungu linalofuata. Saa hiyo usiikate sehemu zake za sekunde. Mimi niliikata, na mistari mingine ikarukwa. Nilipandisha pia idadi hadi 5,000, ambacho ndicho kiwango cha juu, na maombi yakapungua sana.

Wasimamizi sita wa barua pepe walikuwa mtihani mwingine. Barua ya kuwakumbusha niliiandika mara mbili na hakuna aliyehama. Mzee wetu wa Mwanza alinijibu kwa upole, "Mwanangu, ya zamani bado inaitika." Ndipo nikakumbuka kwamba PowerShell, programu tunamoandikia amri hizi, ikikuta jina la mkato na amri zenye jina moja, hutii jina la mkato kwanza. Katika kompyuta zao niliweka jina la mkato liitwalo Get-MessageTrace, ambalo kwa kweli huita skripti yangu ndogo: kwanza inaandika, "Shikamoo, amri hii inastaafu, wenzako sasa huandika hivi," inaonyesha sentensi nzima ya amri mpya, kisha inaitekeleza. Baada ya wiki mbili wanne walikuwa wakiandika mpya kwa mkono. Mmoja alikwama asubuhi nzima kwa sababu moduli yake, yaani kifurushi cha amri za Exchange Online, ilikuwa ya kale; inatakiwa 3.7.0 au zaidi.

Saa nazo zilitusumbua, maana majibu huja kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Mtu wa mapokezi anasema barua ilitumwa saa tatu asubuhi, kompyuta yake inaandika 9:00, ripoti inaandika 6:00, na dada mmoja wa Dodoma akaapa kwamba hiyo ni saa kumi na mbili alfajiri na ofisi ilikuwa imefungwa. Siku hizi skripti inaongeza saa tatu yenyewe.

Aliyembadilisha mzee wa Mwanza alikuwa mhasibu wake, aliyedai kwamba ankara ya wiki sita nyuma haikufika kamwe. Zamani, kwa chochote kilichopita siku 10, tuliomba utafutaji wa kihistoria na kungoja faili kwa saa kadhaa. Amri mpya inarudi nyuma hadi siku 90, mradi kila ombi lisizidi siku 10, kwa hiyo maombi tisa yanamaliza muda wote. Mzee aliyaandika mwenyewe, akachuja kwa mwanzo wa kichwa cha barua, na katika ombi la tano ankara ikajitokeza: ilifika, ikazuiliwa karantini, yaani mahali zinapowekwa barua zinazotiliwa shaka. Karantini haihifadhi barua zaidi ya siku 30, hivyo ilikuwa imeshafutwa, na ilibidi mhasibu ampigie mgavi simu kuomba itumwe upya. Jioni ile mzee alinipigia kuniuliza jinsi ya kuliondoa lile jina la mkato, kwa kuwa lile shikamoo, alisema, lilikuwa likimzeesha.