Tanki Kubwa Halikuongeza Presha ya Maji

Nyumbani kwetu Kigamboni, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, maji hupokelewa kwanza kwenye tanki la plastiki lililopandishwa juu ya mnara, kisha hushuka yenyewe hadi jikoni na bafuni. Kwa muda mrefu bomba la mvua lilikuwa likichuruzika tu, na fundi bomba niliyemwita aliniambia, "Mzee, tanki lako ni dogo. Weka la lita 2,000, presha itapanda." Nilinunua tanki hilo, nikalipa na gharama za kulipandisha, na maji yakaendelea kuchuruzika vilevile.

Simlaumu fundi peke yake, kwa sababu mimi niliyesoma fizikia hadi kidato cha nne nilikubali bila kupiga hesabu. Sote wawili tulichanganya kani na kanieneo. Kani ni msukumo au mvuto, nayo hupimwa kwa nyutoni. Kanieneo, ambayo mtaani tunaiita presha, ni kani iliyogawanywa kwa eneo linaloibeba, na kipimo chake ni paskali, yaani nyutoni 1 kwa kila mita 1 ya mraba.

Wanaobeba maji kichwani wanaijua tofauti hiyo kwa miili yao. Ndoo ya lita 20 hukandamiza kwa kani ya takriban nyutoni 200, iwepo ngata au isiwepo. Pasipo ngata, kitako kigumu cha ndoo hugusa utosi mahali padogo. Tukipakadiria kuwa sentimita 10 za mraba, kanieneo hufika paskali 200,000. Ngata ya kitenge ikiutandaza mzigo huohuo juu ya sentimita 100 za mraba, kanieneo hushuka hadi paskali 20,000. Uzito haujapungua hata gramu moja, ndiyo maana shingo huchoka vilevile ingawa utosi hauumi.

Sasa turudi kwenye matanki. Tuseme yote mawili yana maji ya kina cha mita 1, la lita 1,000 likiwa na kitako cha mita 1 ya mraba na la lita 2,000 kitako cha mita 2 za mraba. Maji ya tanki kubwa yana uzito maradufu, takriban nyutoni 19,600 badala ya 9,800, lakini uzito huo umebebwa na eneo maradufu, kwa hiyo kanieneo kwenye kitako ni paskali 9,800 kwa yote mawili. Kinachoamua ni kimo cha maji: kila mita 1 huongeza takriban paskali 9,800, hata kama maji hayo yamo ndani ya mpira mwembamba kama kidole. Simon Stevin, mwanahisabati wa Flanders (eneo ambalo leo sehemu yake kubwa iko Ubelgiji), alilieleza jambo hili mwaka 1586, na hadi leo kila nikilifikiria linanistaajabisha.

Basi nikajenga mnara mpya. Awali usawa wa maji ulikuwa mita 2 juu ya bomba la mvua. Sasa ni mita 5, na kanieneo imepanda kutoka paskali 19,600 hadi 49,000. Mabomba membamba na viungo vingi hupunguza nguvu kidogo maji yanapotembea, lakini tofauti ilionekana siku ileile.

Kwenye mnara, hata hivyo, ukubwa wa tanki una maana kubwa, kwa kuwa nguzo hubeba uzito wote. Udongo wetu ni mchanga, na fundi mwashi alikataa katakata kusimamisha nguzo nne za sentimita 20 kwa 20 moja kwa moja ardhini. Alimwaga kwanza chini ya kila nguzo kitako cha zege cha mita 1 kwa mita 1. Bila vitako hivyo, maji pekee yangeukandamiza mchanga kwa paskali 122,500; juu ya vitako, mgao wa maji hayo ni paskali 4,900.